Jino halina mdudu, na sio lazima ling'olewe

Asanteni jamani, sogeeni mbele viti vipo. Leo tuongelee jino linalouma, maana wengi wetu likiuma tunajua dawa moja tu, kung'oa.

Tuanze na mdudu wa jino. Hii imani sio ya kwetu peke yetu, Babeli waliiandika kwenye vibao vya udongo na Ulaya waliishikilia karne na karne, walikuwa wanafukiza mdomo kwa mbegu, mbegu zikipata moto zinapasuka vinatoka vitu vyeupe vidogo, basi mgonjwa anaambiwa haya wadudu wako hao. Mfaransa Pierre Fauchard akachukua meno yaliyooza akayapima kwa hadubini, mdudu hakumwona, akayaandika hayo kwenye kitabu chake cha 1728. Baadae, mwaka 1890, Mmarekani Willoughby Miller aliyekuwa Berlin akaeleza vizuri kabisa: bakteria mdomoni wanakula sukari na wanga, wanatoa asidi, asidi ndo inakula jino. Kwa hiyo mtu akikufukizia leo akakuonyesha funza anakudanganya, na hili linaniuma kwa kweli, kwasababu unarudi nyumbani na tundu lilelile na linazidi kuchimba.

Tundu likiwa dogo linazibwa, basi. Unachomwa ganzi, palipooza panasafishwa, panajazwa, ile taa ya bluu mnayoiona ni ya kugandisha dawa ya kuzibia. Likishafika ndani kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu wa jino, ndo usiku hulali, lakini hata hapo jino mara nyingi linaokoka: daktari anatoa ile neva kwa vijitupa vyembamba sana, anaosha mifereji ya mizizi, halafu anaijaza utomvu mgumu wa mti wa huko Malaysia na Indonesia. Inachukua muda na ni ghali kuliko kung'oa, siwafichi, ndo maana nawaambia njooni tundu likiwa bado dogo.

Na wanaoogopa maumivu, nawaelewa. Horace Wells, daktari wa meno kule Hartford, Marekani, mwaka 1844 alivuta gesi ya kuchekesha, ile inayopunguza maumivu, akang'olewa jino lake mwenyewe, na lidokeini, ganzi tunayochoma siku hizi, ilitengenezwa Sweden 1943. Ukiwa kwenye kiti bado unasikia maumivu sema, unaongezewa.

Ila shavu likivimba na homa juu, au ukashindwa kumeza, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Haya maswali, mama pale nyuma nimeona mkono.