Ua, Tuta na Kelele za Barabarani

Ndugu wasikilizaji,

Niruhusuni nianze na mwashoki, kwa kuwa ndio mti ambao wengi wetu hapa Dar es Salaam huupanda mbele ya nyumba tukitumaini kwamba utatukinga na kelele za magari. Utazameni vizuri: mtunza bustani ameshapogoa matawi ya chini hadi usawa wa kichwa, shina limepakwa chokaa, na mngurumo wa lori unapita pale pale penye uwazi, moja kwa moja hadi dirishani. Mstari mmoja wa miti ya namna hiyo unapendeza, unatoa kivuli, lakini kelele unayoipunguza ni kidogo mno, hata sikio halitatambua tofauti.

Sababu ni hii. Sauti husafiri kwa mawimbi, na majani huyatawanya vizuri yale mafupi tu. Mkwaruzo wa breki wenye mitetemo 4,000 kwa sekunde una wimbi la sentimita 8 na nusu hivi, nao hupotelea katika majani yaliyosongamana. Ilhali mngurumo wa injini wenye mitetemo 100 una wimbi la mita 3.4, ambalo huuzunguka mti kama maji yanavyozunguka nguzo ya daraja. Wahandisi wa barabara wa Marekani hukadiria kwamba ukanda wa mimea mirefu, minene kiasi cha jicho kushindwa kupenya, wenye upana wa mita 61, unaweza kupunguza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), yaani kelele isikike kama nusu ya ilivyokuwa. Nani kati yetu mwenye kiwanja cha 20 kwa 20 atazipata hizo mita 61?

Kwa hiyo tutazame chini. Udongo laini uliofunikwa na majani makavu una matundu mengi madogo, na humo sauti huingia ikafifia, jambo ambalo zege haliwezi, kwani lenyewe huirudisha. Nashangaa kila ninapoona vitofali vya saruji vimepangwa hadi kwenye shina la mwarobaini, kisha mwenye nyumba analalamika kuhusu bodaboda.

Penye nafasi ndogo, ninachokipendekeza ni tuta la udongo karibu na barabara, refu kiasi cha kuyaficha magari kwa mtu aliyesimama nyuma yake. Tuta la aina hiyo hupunguza desibeli 5 hivi. Juu yake ipandwe michongoma, ikatwe juu na ubavuni, wala isiguswe chini. Mvinje nao ufikiriwe, ingawa kazi yake ni tofauti: kelele inabaki kama ilivyo, ila mvumo wa mti huo wakati wa upepo huifunika kidogo.

Jioni hii chuchumaeni nyuma ya ua wenu. Mkiyaona matairi ya daladala, anzeni kuziba hapo.