Tuta limefukizwa? Iweke kando urea kwanza

Wakulima wenzangu, karibuni. Leo tuko Mingoyo, hapa Lindi, kwenye tuta la nyanya lililofukizwa dawa ya minyoo fundo, wale wadogo wanaovimbisha mizizi. Nailoni ndiyo kwanza imefunuliwa, na mwenye shamba tayari kashika kopo la urea. Kaka, liweke chini.

Tuanze kupima kama dawa imetoka. Chota udongo wa chini kidogo, jaza nusu chupa ya glasi, tandika pamba iliyoloweshwa maji juu yake, mwagia mbegu za saladi, funga kifuniko kikaze. Chupa ya pili weka udongo ambao haukufukizwa. Baada ya siku mbili tatu, linganisha. Sogeza kamera hapa: mizizi hii ya udongo usiofukizwa ni myeupe, ina vinyweleo. Hii ya tuta imejikunja, ncha za kahawia. Basi dawa bado imo: tifua udongo upigwe upepo, halafu pima upya.

Sasa mbolea. Urea ikiingia ardhini hugeuka amoniamu, kisha kuna bakteria wa kuigeuza kuwa naitreti, chakula ambacho nyanya inakipenda zaidi. Dawa ya kufukiza haichagui: inaua minyoo, inaua na bakteria hao, nao huchukua wiki kadhaa kurudi. Bakteria wanaotengeneza amoniamu kutoka kwenye viumbe vilivyooza wanawahi kurudi. Kwa hiyo amoniamu inarundikana, mche unadumaa na majani yanapauka. Mtu anasema mche una njaa, anaongeza urea. Anauchoma mwenyewe!

Tumia CAN, mbolea ya chumvichumvi yenye kalsiamu; nusu ya naitrojeni yake ni naitreti tayari. Ila mchanga wetu huu haushiki naitreti, mvua moja inaishusha chini ya mizizi. Weka kidogo kidogo, mbali na shina, rudia. Changanya na mboji iliyoiva, itoke sehemu safi. Ukiichota kwenye shamba lenye minyoo, umefukiza bure.

Wenye vitalu chini ya mikorosho, pimeni pia tindikali ya udongo. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho kila msimu inaiongeza, na bakteria wa naitreti hawaipendi.

Ukipanda karanga au kunde kwenye tuta lililofukizwa, jua hata bakteria wa vinundu vya mizizi, wanaoupa mmea naitrojeni, wamepungua. Mimea ikianza maua, ng'oa mmoja, pasua kinundu kwa kucha. Ndani kukiwa kwekundu, kinafanya kazi. Kukiwa kweupe, au mzizi ni mtupu, ongeza CAN kidogo.