Mfuko Mweupe kwa Moyo Uliozidiwa na Ganzi

Mbukwenyi! Wakubwa zangu, shikamooni. Wauguzi, maofisa tabibu, na ninyi mliotoka mitaani hapa Dodoma kuja kusikiliza tu, karibuni sana.

Nimekuja na glasi ya maji, yai, na mafuta ya alizeti niliyonunua asubuhi Soko la Majengo. Tazameni. Namimina mafuta kwenye maji, nakoroga kwa nguvu. Mmeona? Nimeweka kijiko chini tu, mafuta yameshapanda juu. Sasa natia kiini cha yai, nakoroga tena. Nyeupe, na haiachani. Kiini kina kitu kinachoshika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili. Hicho hicho ndicho kimo kwenye mfuko huu mweupe: mafuta ya soya, fosfolipidi ya kiini cha yai, gliserini na maji. Arvid Wretlind wa Sweden ndiye aliyeufanya ufae, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya kuwalisha kwa mshipa wagonjwa wasioweza kula. Ulikuwa chakula.

Jamani, mafuta ya alizeti ya Singida, hata yachujwe namna gani, hayaingii kwenye mshipa wa mtu. Vitone vya mfuko huu ni vidogo mara kumi na zaidi kuliko chembe nyekundu ya damu. Vitone vya mafuta ya chupani vitaziba mapafu na kuua.

Sasa ganzi. Sote tunadunga ganzi: jino, kidonda, bega, mama anayejifungua kwa upasuaji. Ikizidi kipimo, au ncha ikiingia kwenye mshipa wa damu, dawa inakwenda kwenye ubongo na moyo. Kati ya dawa za ganzi tunazotumia, bupivakaini ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaung'ang'ania moyo.

Huko Chicago, daktari wa usingizi Guy Weinberg alikutana na mgonjwa mwenye upungufu wa kanitini, kitu kinachousaidia mwili kuchoma mafuta, ambaye moyo wake ulivurugika kwa bupivakaini kidogo tu. Akadhani mafuta kwenye damu yangezidisha sumu ile. Akawapa panya mafuta, kisha bupivakaini. Ikawa kinyume: panya wenye mafuta walistahimili dozi kubwa zaidi. Alichapisha hayo mwaka 1998. Mwaka 2006 ikaja taarifa ya kwanza ya binadamu, kutoka New York: mwanamume wa miaka 58, amechomwa ganzi ya bega, moyo ukasimama. Walihangaika naye kama dakika 20 bila mafanikio. Wakampa mililita 100 za mafuta ya asilimia 20, moyo ukarudi, na akapona kabisa.

Yanafanyaje kazi? Bupivakaini inapenda mafuta. Vitone vikijaa kwenye damu vinaichukua kutoka kwenye moyo na ubongo, vinaipeleka kwenye misuli na ini. Na moyo wenyewe, ambao chakula chake kikubwa ni mafuta, unapata nguvu.

Dada pale mbele ameuliza kuhusu sumu nyingine, na nimefurahi ameuliza. Wapo waliomeza dawa nyingi za moyo au za sonona wakasaidiwa, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Huko mafuta ni jaribio la mwisho. Kwa dawa ya kuulia wadudu ya shambani, msiache atropini, dawa inayoipinga sumu ile, mkakimbilia mfuko huu. Na wazazi wangu, maziwa mnayomnywesha mtu aliyekunywa sumu si kitu hiki. Hayaifuati sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu, na aliyezimia yatampalia yaingie mapafuni. Mkimbizeni hospitali, na chombo cha ile sumu mkononi.

Niwaambie kilichonileta. Miaka ya nyuma, hospitali sitaitaja, kijana alikuwa anashonwa mkono. Akasema anasikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma. Nikamwambia atulie. Nilikosea: ile ndiyo dalili ya kwanza, ndipo sindano inapotakiwa kusimama. Degedege, kisha mapigo hakuna. Mafuta yalikuwepo, yamefungiwa stoo ya dawa, na mwenye ufunguo ametoka. Tulisukuma kifua mpaka ufunguo ukapatikana. Kijana alirudi. Bado naiona mikono ya muuguzi aliyekuwa akisukuma, ilivyotetemeka.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: mfuko ukae chumba kile kile inapodungwa ganzi. Hautaki friji, joto tu lisizidi nyuzi 25, na usigande.

Andikeni sasa. Mgonjwa wa kilo 60: mililita 90 kwa dakika 2 hadi 3, yaani 1.5 kwa kila kilo. Kisha mililita 15 kila dakika, mpaka moyo utulie, na angalau dakika 15 zaidi. Jumla isizidi mililita 720. Kifua kisukumwe muda wote, adrenalini, dawa ya kuamsha moyo, iwe kidogo kidogo. Damu ya maabara itolewe kabla ya mafuta, maana baadaye inakuwa kama maziwa na mashine zinatoa majibu ya uongo. Pigeni hesabu wenyewe: mfuko wa mililita 250 unaisha kabla ya robo saa. Wekeni mitatu, na karatasi ya dozi ibandikwe juu yake.