Oili ya Giaboksi: Pikapu Iliyotembea Sana na Inayovuta Trela

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko chini ya pikapu ya otomatiki: kilomita zimepita laki mbili, na kazi yake ni kuvuta trela. Fundi Rashidi, wengi wanaamini giaboksi ya umri huo ukiibadilishia oili inakufa.

RASHIDI: Imani hiyo ina chanzo, dada Neema. Mtu hukumbuka oili gia zikishaanza kuteleza. Hapo klachi za ndani zimeshalika, na oili mpya hairudishi kilicholika. Giaboksi ikifa baadaye, lawama inaiangukia oili. Kama gia bado zinaingia vizuri, badilisha bila hofu. Mashine ya kusukuma oili kwa presha ndiyo nisiyoipenda kwa giaboksi kuukuu. Inaweza kung'oa uchafu uliotulia ukaziba vijia vya vali bodi, sehemu inayoelekeza oili ya kubadilisha gia.

NEEMA: Kwa hiyo tunamwaga kwa awamu.

RASHIDI: Ndiyo, maana sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, haitoi yote. Nyingi inabaki ndani ya toko konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, na kwenye mabomba ya kula, yaani kipoza oili. Tuseme giaboksi inabeba lita 12 na sampu imetoa 5. Awamu ya kwanza ikiisha, oili ya zamani bado ni asilimia 58. Ya pili, 34. Ya tatu, 20. Hapo mimi naridhika. Katikati ya awamu gari litembee siku chache ili oili zichanganyike. Filta ni ya awamu ya kwanza tu.

NEEMA: Na kabla ya kugusa sampu, legeza nati ya kujazia. Ukishamwaga ndipo ugundue imeganda, gari halitoki hapo.

RASHIDI: Kweli kabisa. Gari liwe sawa kwenye stendi, siyo jeki peke yake, na oili iwe ya vuguvugu. Kama sampu haina nati ya kumwagia, acha boliti za upande mmoja, legeza za upande mwingine ili sampu iiname na oili imwagike taratibu. Ipime kwenye chombo chenye alama za lita, kwa sababu unarudisha kiasi kilekile kilichotoka, kisha ndipo unarekebisha.

NEEMA: Tuangalie sumaku za sampu. Ute wa kijivu, laini kama grisi, ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole, au chembe nyeusi nyingi zenye harufu ya kuungua, ni habari nyingine. Na oili ikiwa ya pinki yenye maziwa, acha kila kitu: maji ya rejeta yameingia kupitia kula, na maji hayo hubandua lainingi za klachi.

RASHIDI: Kwenye filta watu hukosea hapa: sili ya filta ya zamani hubaki imenasa juu kwenye tundu lake. Ukisukumia mpya juu yake filta haikai vizuri, pampu inavuta hewa, oili inatoa povu na gia zinateleza. Ingiza kidole uhakikishe. Boliti za sampu kaza kwa kupishana, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ni ndogo, na ukizidisha nguvu unakunja ukingo wa sampu au unaharibu uzi.

NEEMA: Aina ya oili?

RASHIDI: Ile iliyoandikwa kwenye kitabu, basi. Dexron VI, Mercon LV, ATF+4, Toyota WS, kila moja ina mahali pake. Mercon ULV ni nyepesi zaidi ya LV, hazibadilishani.

NEEMA: Halafu kipimo cha mwisho.

RASHIDI: Injini inaunguruma, pitisha lever kila gia kwa sekunde chache, rudi P. Yenye dipstiki pima ikiwa na joto la kazi. Isiyo na dipstiki inapimwa kwa nati ya kipimo, kwa joto la oili lililotajwa na mtengenezaji, na joto hilo lisome kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Oili hupanuka: ukipima ya baridi kwa alama ya moto utajaza kupita kiasi, na ikizidi nayo inapigwa povu.

NEEMA: Na kwenye trela?

RASHIDI: Joto ndilo linaloua oili. Washa modi ya kuvuta, au zima ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa, mlimani, gia zisipande na kushuka ovyo. Usomaji wa skana ukishapita nyuzi 110 mara kwa mara, ongeza kula ya nje. Na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudi chini ya gari uangalie ukingo wa sampu kama unavuja.