Vita Vilivyobisha Hodi Majumbani

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja.

Wengi wenu mmepita Kikwajuni mkija hapa. Zile nyumba za maendeleo, zile fleti za mwanzo, zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo haipo tena. Ilizaliwa tarehe 7 Oktoba 1949, ikafutika tarehe 3 Oktoba 1990, siku nne kabla ya kutimiza miaka 41. Ilikuwaje Wajerumani wakawa nchi mbili? Na ilikuwaje moja yao ikaja kutujengea nyumba Unguja? Nikiweza kujibu hayo, nitakuwa nimeeleza Vita Baridi vilitoka wapi na viliwafanya nini watu.

Tumezoea kusema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wengi hueleza ugomvi wa Marekani na Umoja wa Kisovieti kwa methali hiyo. Mimi naikataa hapa. Hawa walikaa zizi moja tangu 1941 hadi 1945, wakimpiga adui mmoja, askari wa Stalin, mtawala wa Wasovieti, wakila nyama ya makopo na kupanda malori yaliyotoka Marekani. Kilichowatenganisha ni hofu, na kila upande hofu yake ilikuwa na sababu.

Wasovieti walipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita vile. Sensa yetu ya 1967 iliwahesabu Watanzania wote, bara na visiwani, wakawa milioni 12 na ushei. Chukua nchi yetu nzima ya siku zile, izike mara mbili, na bado hujafika. Mjerumani alikuwa ameingia kwao mara mbili ndani ya miaka 30. Kwa hiyo Stalin alitaka Ujerumani isiinuke tena, na Poland, ambayo ndiyo njia ya kuingilia kwake, isishikwe na mtu asiyemwamini. Wamarekani nao walikumbuka njaa na ukosefu wa kazi wa miaka ya 1930, uliompandisha Hitler. Wao waliona Ujerumani yenye viwanda ni salama kuliko Ujerumani yenye njaa. Mmoja anataka jirani abaki chini, mwingine anataka asimame. Mzizi uko hapo.

Sisemi kwamba wote walikuwa na haki sawa. Huko Yalta, Februari 1945, Stalin aliahidi uchaguzi huru Poland, na ahadi hiyo hakuitimiza. Naye Truman, rais wa Marekani, huko Potsdam tarehe 24 Julai, alimdokeza Stalin kwamba Marekani imepata silaha mpya kali. Hazikupita wiki mbili, Hiroshima ikateketea. Baada ya hapo nani angelala usingizi?

Hotuba za 1946 na 1947 mlisomeshwa shuleni: Churchill na pazia lake la chuma, Truman na msaada kwa Ugiriki na Uturuki, Marshall na mpango wake. Nazipita. Nataka tukae kidogo Berlin, Juni 1948, kwa sababu pale ndipo ugomvi wa wakubwa ulipoingia jikoni.

Baada ya vita washindi waliigawana Ujerumani kanda nne. Mji ule ulikuwa ndani kabisa ya kanda ya Wasovieti, lakini wenyewe umegawanywa vipande vinne: cha Marekani, cha Uingereza, cha Ufaransa na cha Wasovieti. Fedha ya zamani ya Ujerumani ilikuwa imebaki karatasi tu. Mtu akitaka siagi alilipa kwa sigara. Tarehe 20 Juni kanda tatu za magharibi zikatoa fedha mpya, marki, kila mtu akapewa 40 za kuanzia. Kesho yake madirisha ya maduka yakajaa sufuria na viatu vilivyokuwa vimefichwa stoo wakati wote ule. Wazee mnaokumbuka maduka yetu kabla na baada ya ruksa mnajua jambo hilo linafananaje.

Stalin akaona nchi inakatwa vipande viwili kwa fedha. Marki zile zilipoingia Berlin Magharibi, tarehe 24 Juni akafunga barabara, reli na mifereji. Watu zaidi ya milioni mbili wakabakiwa na njia moja tu, ya angani. Ndege za Marekani na Uingereza, nchi zilezile zilizoupiga mji huo mabomu miaka mitatu nyuma, zikaanza kuulisha. Na mizigo mingi haikuwa chakula. Karibu theluthi mbili ilikuwa makaa ya mawe, yamefungwa kwenye magunia. Umeme ulitoka kwa zamu, saa chache kwa siku, na zamu nyingine iliangukia usiku wa manane. Mama wa Berlin aliamka saa nane za usiku, akachemsha viazi vilivyokaushwa, akapiga pasi, akarudi kulala. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani bila umeme miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Njia zilifunguliwa tarehe 12 Mei 1949. Kufikia Septemba, safari za ndege zilipositishwa, zilikuwa zimebeba zaidi ya tani milioni 2.3. Lakini kilichokatika hakikuungika. Mwezi uleule wa Mei ikapatikana Ujerumani Magharibi, Oktoba ikafuata Mashariki.

Kutoka hapo hofu ikageukia ndani. Marekani ilianza mapema: Machi 1947 Truman aliamuru watumishi wa serikali kuu wachunguzwe utiifu wao, na miaka iliyofuata walimu na waigizaji walipoteza kazi kwa kushukiwa tu. Ujerumani Mashariki ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1989, nchi ile ya watu kama milioni 16 ilikuwa na mashushushu wa kuajiriwa wapatao 91,000, mbali na raia wa kawaida zaidi ya 170,000 waliopeleka habari kwa siri. Mafaili yalipofunguliwa 1992, kuna waliosoma humo wakakuta aliyewachoma ni rafiki, jirani, au mume wa ndani.

Watu waliikimbia Mashariki. Kati ya 1949 na 1961 waliondoka zaidi ya milioni mbili na nusu, wengi wao vijana wenye ujuzi. Ndipo alfajiri ya Jumapili, 13 Agosti 1961, Mashariki ikatandaza seng'enge katikati ya Berlin, mwanzo wa ule Ukuta. Kuna mtaa uitwao Bernauer Strasse. Upande mmoja nyumba zilikuwa za Mashariki, lakini kibaraza cha mbele kilikuwa cha Magharibi. Ukifungua dirisha lako ukachungulia, kichwa chako kiko nchi nyingine. Milango ilipozibwa watu waliruka madirishani, wazima moto wa Magharibi wakiwatandazia mashuka ya kuwadakia. Wengine hawakudakwa. Mwishowe madirisha yenyewe yakajengewa matofali.

Sasa turudi kwetu. Tangu 1955 Ujerumani Magharibi ilikuwa na sharti: anayeitambua ile nyingine, urafiki naye umekwisha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Mashariki, na wataalamu wakaanza kufika. Aprili tukaungana na Tanganyika, iliyokuwa ikipokea msaada wa Magharibi. Ugomvi wa Berlin ukawa wetu, ndani ya nchi moja. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati, akaruhusu Mashariki wawe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Magharibi hawakuridhika, Februari 1965 wakaondoa msaada wao wa kijeshi, waliokuwa wakitufunza marubani. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada yao iliyobaki. Nchi maskini, ina miaka mitatu tu ya uhuru! Kila nikilisoma tukio hilo nasisimka, na naona lilitugharimu kwelikweli.

Huku Unguja ujenzi uliendelea, na familia zilizokuwa kwenye vibanda vya Ng'ambo zikahamia ghorofani. Kwa aliyepewa ufunguo, Vita Baridi vilikuwa na bomba la maji ndani.

Nasimama hapo. Nimeambiwa kuna mzee amekaa pale nyuma aliyebeba zege Kikwajuni akiwa kijana. Kabla ya maswali, naomba mpeni yeye kipaza sauti.