Daktari Bingwa wa Taya Analipwa kwa Kazi Ipi?

Mwenyekiti, nakushukuru. Ninyi mliobanana mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Ratiba inasema nizungumzie mshahara na majukumu ya daktari bingwa wa kinywa na meno. Nitaanza na majukumu. Najua walio wengi hapa wamefuata lile neno la kwanza, vumilieni kidogo. Mwajiri hawezi kulipia kazi ambayo haijaandikwa popote, na ya bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, kwenye karatasi nyingi za majukumu, haijaandikwa. Utakuta mistari minne: kung'oa meno, kuziba meno, kutoa elimu ya afya ya kinywa, na "kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi". Mtu kasoma udaktari wa meno miaka mitano, kafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, karudi darasani kusomea ubingwa, halafu kuondoa nusu ya taya lenye uvimbe kunawekwa ndani ya "kazi nyingine", pamoja na kukaa kwenye kamati ya sherehe za Mei Mosi.

Waganga wafawidhi na maafisa utumishi mpo, kwa hiyo tuchukue kazi moja tu tuifuate hatua kwa hatua. Wanaonifahamu wanacheka, wanajua ni ipi. Taya la dereva wa bodaboda.

Kaletwa saa tatu usiku. Taya la chini limevunjika mahali pawili: karibu na kidevu upande wa kushoto, na kwenye pembe ya taya upande wa kulia. Mvunjiko wa namna hiyo ni wa kawaida, kwa sababu taya ni kama kwato ya farasi: ukiligonga upande huu, nguvu inatokea upande wa pili. Bingwa haanzi na taya. Anaanza na njia ya hewa, kichwa na shingo. Taya likivunjika pande zote mbili za kidevu, ulimi hukosa pa kujishikiza, unarudi nyuma na kuziba koo. Kisha anahesabu meno. Ndiyo, anahesabu! Jino lisiloonekana mdomoni wala halikuokotwa barabarani huenda limevutwa kwenye mapafu, na hilo linatafutwa kwa eksirei ya kifua. Ukilikosa usiku huo, baada ya siku chache utakuwa na mgonjwa wa nimonia ambaye kila mtu anashangaa imetoka wapi.

Mvunjiko unaopita kwenye shina la jino ni kidonda kilicho wazi, hata kama ngozi ya nje haina mkwaruzo, kwa sababu umeungana na mate. Hivyo antibayotiki inaanza mapema, na sindano ya pepopunda. Waya unazungushwa kwenye meno yaliyo pande mbili za ufa na kukazwa. Hapo damu inapungua na maumivu yanatulia. Hiyo ni ya muda. Asubuhi, picha ya OPG, yaani eksirei inayoonyesha taya na meno yote kwa pamoja, na nyingine ya taya kutoka mbele. Mfupa wa uso wa juu ukishukiwa, CT scan.

Sasa chumba cha upasuaji. Mrija wa hewa hupita puani, kwa sababu mdomo lazima ufungwe katikati ya operesheni tuone meno yanakutanaje. Daktari wa usingizi na daktari wa taya wanagombea tundu moja, na wasipoelewana kabla ya kuanza, mgonjwa ndiye anayeumia. Shashi inawekwa kooni kuzuia damu, na kuwekwa kwake kunaandikwa ubaoni, maana shashi iliyosahauliwa kooni wakati mrija unatolewa inaua.

Pau za chuma zenye vikulabu zinafungwa kwenye meno ya juu na ya chini kwa waya wa nusu milimita, jino moja baada ya jingine. Hapo peke yake saa nzima inaweza kuisha, na vidole vinatobolewa. Meno yanakutanishwa, taya la juu na la chini yanafungwa pamoja, ndipo mfupa unafunguliwa. Karibu na kidevu panahitaji pleti mbili ndogo, yaani vibati vya chuma vya kuunga mfupa, kwa sababu mfupa wa pale unajipinda mtu anapotafuna. Pleti moja italegea. Kwenye pembe ya taya, pleti moja kwenye ukingo wa juu mara nyingi inatosha. Angalau skrubu mbili kila upande wa ufa, na unachunga mshipa wa fahamu unaotokea kidevuni, la sivyo mtu atakunywa chai imwagike mdomoni asijue.

Keekee ni ya milimita 1.5 kwa skrubu ya milimita 2, na maji ya chumvi yanamiminwa muda wote. Mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja unaanza kufa pale pale. Skrubu itashika vizuri siku hiyo, halafu baada ya wiki tatu inacheza kama msumari kwenye udongo. Wanaosema pleti za hospitali fulani "hazina ubora" waulize kwanza nani alikuwa anamimina maji.

Ukishakaza, unafungua zile waya na kulifunga taya kwa mkono. Meno yakikutana kama mwanzo, vizuri. Yasipokutana, unatoa skrubu zote unaanza upya. Ndiyo maana napandwa na hasira nikisikia kwamba kazi hii inaweza kufanywa na yeyote anayejua kuunga mifupa. Nawaheshimu sana wenzetu wa mifupa. Lakini paja likiunga milimita mbili nje ya mstari, mwenye paja anatembea. Jino likiwa juu kwa sehemu ya kumi ya milimita, mtu hawezi kumeza ugali kwa amani. Elimu ya meno ndiyo inayohitajika hapo, na hiyo haipatikani kwenye kozi ya wiki mbili.

Mgonjwa akirudi wodini akiwa bado amefungwa taya, koleo la kukatia waya linaning'inizwa kitandani kwake. Si kwenye kabati la sista, na si ofisini penye ufunguo. Akitapika usiku waya zinakatwa hapo hapo. Anayebaki amefungwa atakula kwa mrija wiki nne hadi sita: uji wa lishe, supu iliyochujwa, maziwa. Atapungua uzito, na familia itakuja kuuliza kama mmemfanya nini ndugu yao.

Haya. Kwa operesheni laini, saa tatu. Jino moja la kung'oa, tangu ganzi hadi mgonjwa kuondoka, tuseme dakika 20. Kwa saa tatu zile, mwenzake kliniki kang'oa meno ya watu tisa. Mwisho wa robo mwaka PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, inafunguliwa, na lengo limeandikwa "idadi ya wagonjwa waliohudumiwa". Huyu ana tisa, yule ana mmoja. Mfumo hauna kosa, unapokea mlichouandikia. Bingwa anasoma alama zake, anafikiri, na mwaka unaofuata anang'oa meno. Wagonjwa wa taya wanapewa rufaa ya Muhimbili. Kisha mkoa unaandika barua kwamba hauna bingwa! Unaye, yupo chumba namba nne, anang'oa.

Andikeni saa za upasuaji. Andikeni aina ya operesheni, ukubwa wake, na ufuatiliaji. Ameloblastoma, uvimbe unaoota ndani ya taya, inakatwa pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa unaoonekana mzima, na mgonjwa anafuatiliwa miaka kumi na zaidi kwa sababu uvimbe ule hurudi umechelewa, hasa aliyeanza kukwanguliwa tu mahali fulani. Miaka kumi hiyo, kwenye daftari, ni "mgonjwa wa marudio".

Mshahara sasa, maana naona saa zinatazamwa.

Serikalini unalipwa kwa TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, hulipwi kwa operesheni. Daktari wa meno anayeanza kazi huingia TGHS E, na bingwa yuko juu yake. Sitaki mgombane na jedwali, chukueni mfano wa kukokotoa: mshahara wa shilingi 3,000,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, hiyo ni 150,000. Inabaki 2,850,000 ya kutozwa kodi. Kodi ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya kilichozidi, 555,000, jumla 683,000. Bima ya afya asilimia 3, 90,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 60,000. Bodi ya Mikopo, kama bado unadaiwa, asilimia 15 ya mshahara: 450,000. Jumla ya makato 1,433,000. Unabeba 1,567,000. Kwa hiyo kijana anayeambiwa "milioni tatu" akakimbilia kuchukua mkopo wa gari asome slipu kwanza.

Mtasema ninyi watu wa meno mna kliniki za jioni, msilie. Mnachanganya watu wawili. Kliniki ya mtaani inalipa kwa kuziba jino, kutibu mzizi, kuvika kofia ya jino, kupanga meno. Bingwa wa urejeshaji meno atapata riziki huko. Wa upasuaji wa taya anahitaji mashine ya usingizi, damu ya akiba, na kitanda cha ICU. Atavifunga wapi, juu ya duka la dawa? Kadiri ubingwa wake unavyozidi kuwa mkubwa, ndivyo anavyozidi kuitegemea hospitali, na jioni akitaka hela ya ziada analazimika kurudi kwenye kazi aliyoimudu kabla ya ubingwa.

Posho ya kuitwa kazini. Kwa haraka. Usaha ulioanzia gego la chini, ukasambaa chini ya ulimi na pande zote mbili za shingo, haungoji kliniki ifunguliwe, kwa sababu kinachoua ni kuzibwa hewa. Bingwa akiwa mmoja, orodha ya zamu itaandika jina lake siku nane, lakini simu inapigwa siku 30. Weka daftari la simu: saa uliyopigiwa, saa uliyofika, ulichofanya, sahihi ya sista wa zamu. Bila daftari hilo hakuna afisa utumishi atakayekutetea, na simlaumu.

Nilitaka kugusa mdomo wa sungura na kambi za upasuaji, na nani analipia pleti pale mgonjwa hana bima. Mwenyekiti ananyoosha vidole viwili, sijui ni dakika au ni amani. Fomu ya majukumu iko mezani pale. Mistari ya saa za upasuaji nimeiacha wazi. Kila mganga mfawidhi akae na bingwa wake waijaze kabla ya chai, na jina la atakayelishika koleo la waya wodini liandikwe pia.