Gari Halina Jini: Kufuatilia Hitilafu za Taa kwenye Magari ya Zamani

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote. Mliokaa nyuma sogeeni, maana nitashika vitu vidogo na sauti yangu siku hizi inakwaruza.

Nimeombwa nizungumzie taa za magari ya zamani. Nitaanza na Landrova 109, Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa sababu hapa Tanga bado zinatembea, na kwa sababu mojawapo ndiyo iliyonitia adabu. Mwenyewe aliileta jioni, amenuna. "Fundi, hili gari lina jini. Nikikanyaga breki, dashibodi inawaka." Nikacheka. Akanikalisha kwenye usukani, akaniambia haya, kanyaga. Nikakanyaga. Swichi ya taa imezimwa, lakini dashibodi ikawaka, hafifu, rangi ya chai ya rangi. (Kicheko.)

Gari lilikuwa limeshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha globu. Wa pili akabadilisha swichi ya breki. Mimi wa tatu nusura nibadilishe swichi ya taa, kwa sababu stoo nilikuwa nayo moja na ilikuwa inatafuta mnunuzi. Nisiwafiche.

Sasa itazameni globu hii. Nani ana macho mazuri? Haya, njoo. Ndani kuna nyuzi mbili: mmoja wa wati 21, wa breki, mwingine wa wati 5, wa taa ndogo ya nyuma. Chini kuna vidonge viwili vya risasi, kila uzi na chake. Lakini kurudi, zote mbili zinarudia kwenye ganda hili. Ganda linashika soketi, soketi inashika bodi, bodi inarudi hasi ya betri. Mlango wa kutokea ni mmoja. Ukizibwa, umeme wa breki unapita uzi wa wati 21, unafika kwenye ganda, haupati pa kutokea. Basi unapanda uzi wa wati 5 kinyumenyume, unaingia waya mwekundu wa taa ndogo, unakwenda nao hadi mbele, unapita taa ndogo za mbele na za dashibodi, na huko ndiko unakopata bodi. Jini lenyewe ndilo hilo.

Nikaweka mita kwenye volti. Waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri penyewe, si kwenye bodi, maana bodi ndiyo mshukiwa. Mwekundu kwenye ganda la soketi. Kijana akakanyaga breki. Ganda lile linatakiwa lisome sifuri, au sehemu ndogo sana ya volti. Likasoma 11 na kitu.

Kumbe waya wa bodi ulishakatwa miaka mingi, na mtu akaona skrubu inayoshika taa inatosha. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, skrubu ni chuma, na sisi tunakaa kando ya bahari. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu inaliwa, inatoa unga mweupe kama chokaa, na unga ule haupitishi umeme. Nikavuta waya mpya hadi kwenye chesisi, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti, ndipo nikapaka grisi juu. Kwanza kaza, halafu grisi. Mita ikasoma 0.05. Kazi yote ilikula waya usiofika mita moja, na mwenye gari hakuamini nilipomwambia bei. Alidhani namdanganya kwa sababu ni ndogo.

Wapo wanaoiamini mita ikiwa kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, au kile kitufe kinacholia pii. Kwenye taa mimi sikiamini. Waya wa nyuzi thelathini ukikatika ukabaki uzi mmoja, mita italia pii vizuri tu, kwa sababu yenyewe inapitisha umeme wa kunong'ona. Washa taa, uzi ule mmoja hauwezi mzigo. Na kosa jingine ninaloliona kila wiki: mtu anachomoa kopla, ile plagi ya waya nyuma ya taa kubwa, anapima, anapata 12.6, anasema umeme upo, tatizo globu. Upo, ndiyo, kwa sababu haujabeba kitu. Hata bomba lililoziba, koki ikifungwa presha inapanda kama kawaida. Fungulia maji uone ndoo inajaa lini. Kwa hiyo kopla ibaki mahali pake, taa iwake, wewe choma ncha ya mita kwa nyuma.

Hapa nitawasumbua na hesabu kidogo. Dimu, yaani taa kubwa ikimulika chini, ni wati 55. Kwa volti 12, hiyo ni kama ampea 4.6. Kiungo kimoja chenye kutu kinaweza kuiba volti 1.2, na kutu hiyo ukiipima ni robo ya omu hivi, ambayo mita ya bei poa haiitofautishi na waya zake yenyewe. Lakini globu ikipungukiwa asilimia 10 ya volti, inapoteza karibu theluthi ya mwanga. Na volti zile haziendi hewani: 1.2 mara 4.6 ni wati 5 na nusu za joto ndani ya kopla ya plastiki. Ni sawa na kuwasha taa ya nyuma ukaifungia ndani ya plagi. Ndiyo maana mnakuta kopla zimeyeyuka, kahawia kama maandazi yaliyoungua. Mteja naye anaona taa hafifu, ananunua globu ya wati 100, ampea zinakaribia mara mbili, basi kopla ile inakwisha kabisa.

Rangi za waya? Gari la Kiingereza la enzi zile lina mpangilio wake: mweusi ni bodi, mwekundu taa ndogo, buluu yenye mstari mwekundu dimu, buluu yenye mstari mweupe ful, yaani ya kumulika mbali, kijani chenye mstari wa zambarau breki. Zijueni, lakini msiziapie. Baada ya miaka arobaini, waya mwekundu unaweza kuwa wa redio.

Toyota ndizo zinazowatoa jasho vijana waliofunzwa kwenye Landrova. Nyingi za miaka ile, Land Cruiser zikiwemo, swichi ya dimu na ful haikati chanya, inakata hasi. Chanya inafika kwenye globu moja kwa moja kupitia rilei, ile swichi inayowashwa na umeme, na swichi ya kwenye usukani ndiyo inayochagua uzi upi urudi bodi. Sasa fundi anachomeka taa ya kupimia kwenye pini ya dimu, dimu ikiwa inawaka vizuri, haoni umeme. Anahamia pini ya ful, ambayo haiwaki, anaukuta. Nimeona waya nzima zimekatwa na kufungwa upya kwa sababu ya hilo. Nimeona na gari likiungua. Kabla ya kukata chochote, uliza: hii taa inarudia wapi?

Shoti nitaigusa tu. Fyuzi ikiungua kila ukiweka, acha kuweka karatasi ya pakiti ya sigara badala yake. Chukua globu ya wati 21, iunge mahali pa fyuzi. Maadamu shoti ipo, globu itawaka kwa nguvu, na haitaruhusu zaidi ya ampea mbili kupita, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Kisha tembea na waya, tingisha hapa, tingisha pale, hasa panapopenya bati. Globu ikififia ghafla, mkono wako uko juu ya shoti.

Haya. Gari liko nje chini ya mwembe. Asubuhi nimeliharibu kwa makusudi, mahali pamoja tu: ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo ya mbele ya upande uleule inapepesa nayo. Sitawaambia ni wapi. Mita ziko mbili, gawaneni, na atakayeanza kwa kuchomoa globu atanunua chai.